Gari la Kiti Kimoja

Kila siku ya kwenda uwanjani kukimbiza gari, kabla hajatoka nyumbani, Alwyn Threlfall alikuwa anakula mayai, soseji na maharage. Na tangu Februari alikuwa anakula nusu. Si kwamba njaa ilimwisha. Alimaliza upande wa kulia wa sahani mpaka ukang'aa, halafu akaweka uma chini na kusema ameshiba, huku maharage ya upande wa kushoto yamekaa palepale, hayajaguswa. Binti yake Bryony alikuwa anasubiri ageuke kuchukua chai, kisha anaizungusha sahani taratibu kwa kidole.

"Kumbe bado," baba mtu alikuwa anasema, na kuendelea kula.

Februari hiyo Alwyn alipata kiharusi, kile kidogo cha kukupiga kibao na kupita. Mdomo haukupinda, mguu haukuburura. Kilichoondoka ni nusu ya dunia. Macho yote mawili yalikuwa mazima ukiyatazama, lakini chochote kilichokaa upande wa kushoto kilikuwa hakipo: mlango, mtu, paka, maharage. Hata giza hakuliona pale. Hakuona kitu tu, kama wewe usivyoona kilicho nyuma ya kisogo chako. Daktari alimwambia asiguse usukani mpaka apimwe upya. Alwyn akamshukuru daktari, akaingia kwenye gari, akaendesha mpaka nyumbani.

Aliyejua ni Bryony peke yake. Mama yake alishaolewa na mtu mwingine huko Leeds, nyumba ikabaki ya watu wawili na gari.

Gari lenyewe lilikuwa Renault ndogo nyekundu, imetolewa viti vya nyuma, zulia, redio na kila kitu chenye uzito, ikachomelewa mabomba ya chuma ndani ili ikipinduka isimponde mtu. Alwyn aliichagua mwenyewe kwenye uwanja wa magari mabovu, na watu wapya walipomuuliza wanunue gari gani la kukimbizia, aliwaambia jambo lilelile kila mwaka.

"Usinunue gari unalolipenda. Nunua gari ambalo ukilipiga ukutani asubuhi, jioni unapanda treni unarudi kwako unapiga mluzi."

Watu walicheka, halafu wakaenda kununua magari waliyoyapenda.

Uwanja wao ulikuwa Hallowby, zamani ulikuwa wa ndege za kivita, tambarare tupu, upepo wake haukujua Jumapili. Hapo watu hawashindani. Hakuna mshindi wala kikombe, na ukikutwa na saa ya kupimia mzunguko unafukuzwa. Unalipa, unavalishwa utepe wa karatasi mkononi, unavaa helmeti, unaendesha gari lako kwa kadiri moyo wako unavyohimili. Sheria kubwa ni moja, na Bi Hester Pickersgill, mkuu wa uwanja, aliisema kila asubuhi kabla injini hazijawashwa.

"Kupita ni kushoto tu," alisema siku hiyo, akimtazama kila mtu juu ya miwani yake. "Anayepitwa ndiye anayetoa ruhusa. Kama hajakuwashia taa ya kulia, hujaruhusiwa, hata kama gari lako ni ghali kuliko nyumba yangu. Na wewe unayepitwa, kioo hakikuwekwa pale ujitazame nywele."

Watu wakacheka. Denzil, rafiki wa Alwyn, mwenye upara, akajipapasa kichwa, wakacheka tena.

"Na mkiona kitu, niambieni kabla," Bi Hester alisema. "Baadaye nitakuwa nimeshakijua."

Bryony alikuwa amesimama nyuma kabisa, kichwa ndani ya kofia ya koti lake jekundu. Alikuwa na miaka kumi na saba, na shuleni kulikuwa na walimu ambao hawakuwahi kusikia sauti yake. Akiulizwa kitu mbele za watu, koo lilikuwa linajifunga kama mdomo wa gunia. Alitazama chini. Kushoto tu. Watu wote wale, na magari yao yote, watampita baba yake upande uleule ambao haupo.

Wao walikuwa wameshapata njia yao. Bryony alikaa kiti cha abiria, helmeti yake imeunganishwa na ya baba kwa waya wa kuongelea, naye akawa ndiye upande wa kushoto. Likija gari alisema, "Kushoto." Baba akawasha taa ya kulia. Likishapita alisema, "Safi." Maneno mawili tu. Walishafanya hivyo siku mbili za uwanja na hakuna aliyejua. Watu waliona binti anayempenda baba yake, wakasema ana bahati.

Sasa asubuhi ile, mara yao ya tatu kuingia uwanjani, kwenye njia ndefu ya nyuma, likaja gari la bluu la kimo kifupi, limelala barabarani kama kobe.

"Kushoto," Bryony alisema.

Baba akawasha taa. Gari la bluu likasogea, likafika ubavuni, halafu likatulia hapohapo, usawa wa goti la Bryony. Kona ya Hanga, penye banda la zamani la ndege, ilikuwa inakuja, nayo inakata kushoto.

"Bado," alisema. "Baba, bado."

"Amepita huyo."

"Hajapita."

"Nimemsikia amepita," Alwyn alisema, na akakata kona.

Bryony aliona mlango wa bluu ukiwa karibu kiasi cha kuhesabu vumbi. Yule mwingine akakanyaga breki, matairi yakalia, gari likazunguka, likazunguka tena, likaingia kwenye majani likirusha udongo. Alwyn alishangaa. Aliuliza, "Nini hicho?" kama mtu aliyesikia sahani ikivunjika nyumba ya jirani.

Walirudi garajini. Akaingiza gari, akazima injini, na mkono wake ukashuka, ukavuta breki ya mkono.

Bryony aliusikia ule mlio, krrr, akageuka upesi. Maana hilo halifanyiki. Mtu aliyetoka kukimbiza gari, breki zinawaka moto, havuti breki ya mkono. Anaiacha kwenye gia, anaweka kigogo chini ya tairi, anaacha chuma kipoe. Ukivuta, pedi za breki zinaiva juu ya diski, ile sahani ya chuma ya gurudumu, na kung'ang'ania. Baba yake mwenyewe alikuwa anawafokea wageni kwa kosa hilo. Hata kwenye mpini wa breki alishafunga utepe mwekundu wa kukumbusha. Na mpini ulikuwa kushoto kwake.

Kabla hajasema kitu, mwenye gari la bluu akatokea, kijana anaitwa Piers, majani yamemjaa kwenye viatu.

"Umeniwashia taa nipite, halafu ukanifungia njia. Hukuniona?"

"Nilikuona," Alwyn alisema.

"Uliniona, ukanigeukia?"

"Jua lilikuwa machoni."

Piers akatazama juu. Mbingu ilikuwa blanketi moja la kijivu toka upande hadi upande.

"Jua gani, mzee?"

Bi Hester alikuwa ameshafika nyuma yake na kalamu nene. Alimshika Alwyn mkono, akachora alama nyeusi kwenye utepe wake. Alama moja ni onyo. Ya pili unakwenda nyumbani.

"Alwyn, wewe," alisema. "Wewe wa miaka yote hii." Kisha akamgeukia Bryony. "Na wewe uliona nini?"

Wote wakamtazama. Akaivuta kofia ya koti mbele.

"Sikuwa naangalia," Bryony alisema.

Bi Hester alimkazia macho kidogo, akaondoka. Piers naye akaondoka, akitikisa kichwa.

Renault ilikataa kusogea. Denzil alikuja na mkate wake wa nyama mkononi, akasukuma kwa bega, akasukuma kwa mgongo, magurudumu ya nyuma hayakusikia la mwadhini wala la mnadi swala.

"Zimeshikana," alisema. "Nani kavuta breki ya mkono?"

Bryony akamtazama baba yake.

"Mimi," Bryony alisema.

"Wewe? Mtoto wa Threlfall? Ningekuwa baba yako ningekurudisha hospitali ulikozaliwa nikachukue mwingine." Alicheka, makombo yakamruka mdomoni. "Usijali, mwanangu. Zikipoa tutazigonga na nyundo. Lakini leo basi."

Alwyn alikuwa anatazama mikono yake.

"Haya, usininunie," Denzil akamwambia. "Mchana chukua langu. Si ulisema utalijaribu? Lichukue, ulinunue, uniondolee balaa. Tumbo langu halipiti tena chini ya usukani. Juzi nimetolewa humo na watu wawili."

Gari la Denzil lilikuwa kwenye garaji la pili. Lilikuwa la wazi, halina paa, halina milango, halina kioo cha mbele, magurudumu yamesimama nje ya mwili kama ya mkokoteni. Uzito wake ulikuwa mdogo mpaka watu wanne wangelibeba. Kiti kilikuwa kimoja. Pale ambapo abiria angekaa, Denzil alishapigilia bati, akafunga juu yake mtungi wa kuzimia moto.

"Cha abiria nilikitoa," alisema. "Mke wangu alikuwa anapiga mayowe kila kona. Gari likawa jepesi na masikio yangu yakapona."

Alwyn alilizunguka. Akalipapasa boneti kama mtu anayepapasa shingo ya farasi.

"Na ile sheria yako?" Denzil akamtania. "Hili utaliacha ukutani upande treni?"

"Hili hapana," Alwyn alisema. "Hili nalipenda."

Denzil akaenda kutafuta chai. Bryony akabaki na baba yake na lile gari.

"Halina kiti," alisema.

"Nimeona."

"Nitakaa wapi?"

"Hapa. Utakunywa chai."

"Nani atakwambia kushoto?"

"Hakuna." Alwyn aliketi juu ya tairi lililolazwa sakafuni. "Ndiyo maana nimelitaka, Bry. Lile la bluu lingetugonga upande wako. Upande wako, si wangu. Tangu tumerudi nimekaa hapa naliona linakuja, na ajabu ni kwamba sikuliona lilipokuja."

"Basi usiende."

"Nisiende nikafanye nini? Nikae jikoni?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Unadhani sijui kwamba unaizungusha sahani?"

Bryony akatazama sakafu. Miezi yote ile aliamini anafanya siri.

"Mizunguko mitano tu," Alwyn alisema. "Nitakaa kulia, taa naiwasha tangu mwanzo naiacha iwake. Wanaopita watapita. Wana macho yao."

"Na kona zinazokata kushoto? Kingo zake utazionaje?"

"Kona za Hallowby nazijua kuliko ngazi za nyumbani."

"Ngazi za nyumbani uliteleza wiki iliyopita."

Alwyn akasimama. Hakukasirika. Akachukua helmeti, akampa Bryony ule waya wa kuongelea, ameuzungusha vizuri kama kamba ya zawadi, akauweka kiganjani mwake na kukifunga.

"Mwanangu, naomba unisaidie kwa kitu kimoja," alisema. "Nyamaza tu. Hicho unakiweza kuliko mtu yeyote."

Akaingia ndani ya lile gari, akafunga mikanda, akaondoka akielekea mlangoni mwa uwanja.

Bryony alibaki amesimama na waya. Alijaribu kujiambia kwamba ni mizunguko mitano. Aliliwaza gari lisilo na mlango, na bega la baba yake likiwa nje, wazi, na Piers au mtu kama Piers akija kwa kasi yote akiamini kuwa taa ya kulia maana yake ni nimekuona. Alifikiria pia jinsi baba atakavyokuwa jikoni mwezi Novemba, na Desemba, na Januari, hana siku ya uwanja ya kungojea, amekaa tu. Yote mawili aliyaona vizuri. Lipi ni baya zaidi, hakujua. Alijua tu kwamba moja halina kesho yake.

Akakimbia.

Magari sita yalikuwa yamepanga foleni mlangoni, la baba yake la kwanza. Uwanjani walikuwa wanafagia kokoto, kwa hiyo Bi Hester alikuwa amesimama mbele ya foleni, mkono juu, na madereva walikuwa wamezima injini. Bryony akaruka ukuta mdogo ambao mtu asiye na helmeti haruhusiwi kuruka.

"Rudi nyuma ya ukuta, binti," Bi Hester alisema, mkono bado juu.

Bryony akaja mpaka kando yake. Akasema kitu, upepo ukakila.

"Sema kwa sauti. Sisikii."

Foleni nzima ilikuwa inamtazama. Denzil alikuwa kwenye ukuta na vikombe viwili vya chai. Kila mtu alikuwa anamtazama Bryony, isipokuwa mmoja.

"Muulize niko wapi," Bryony alisema.

"Nini?"

"Baba. Muulize mimi niko wapi."

Alikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye boneti, upande wa kushoto wa baba yake, karibu mpaka aliliona koti lake jekundu likielea kwenye kioo cha helmeti ya baba. Bi Hester alimtazama yeye, halafu akamtazama Alwyn, halafu mkono wake ukashuka polepole.

"Alwyn," aliita. "Binti yako yuko wapi?"

Alwyn akainua kioo cha helmeti. Akamtazama Bi Hester moja kwa moja na kutabasamu, lile tabasamu lake la siku za uwanja ambalo Bryony hakuwa ameliona tangu Februari.

"Nimemwacha garajini anakunywa chai," alisema. "Kwa nini, anasumbua?"

Hakuna aliyecheka. Nyuma kwenye foleni mtu alianza kusema kitu akaacha. Uso wa Bi Hester, ambao watu walizoea kuuogopa, ukawa uso wa mama mtu mzima tu aliyechoka.

"Baba," Bryony alisema.

Alwyn akageuza kichwa. Akakigeuza zaidi, na zaidi kidogo, mpaka akampata.

"Ulikuwa hapo muda wote?"

"Ndiyo."

Akamtazama, akatazama lile koti jekundu, halafu akashusha macho kwenye usukani. Alikaa hivyo, mikono imelala mapajani, wakati Bi Hester anavua mkasi uliokuwa unaning'inia shingoni mwake. Akauchukua mkono wa Alwyn kwa upole sana, kama nesi, akaukata utepe.

"Ungeniambia, Alwyn," alisema.

"Ungefanyaje?"

"Hivihivi."

"Basi," Alwyn alisema.

Denzil na mtu mwingine walilisukuma gari kurudi nyuma, Alwyn akiwa bado ndani yake, kwa sababu hakuna aliyetaka kumwambia ashuke. Foleni ikasogea. Bendera ya kijani ikainuliwa, na magari yakatoka moja moja, na kelele zikarudi zilivyokuwa.

Denzil ndiye aliyewarudisha kwa pikapu lake, Renault imefungwa kwenye trela nyuma, gari lake la wazi limeachwa garajini. Walikaa watatu kiti cha mbele, Bryony katikati.

"Ile breki," Denzil alisema mwishowe. "Si wewe uliyeivuta, eti?"

Bryony akatazama barabara.

"Nilidhani hivyo," Denzil alisema. Baadaye tena, akiwa kama anajisemea: "Ningekuuzia lile gari, Alwyn. Leo hii. Ningekuuzia na kukupigia makofi."

"Najua," Alwyn alisema. Alikuwa ameketi dirishani, macho mbele, na kushoto kwake yalikuwa mashamba na mifereji na jioni inaingia, naye hakuwa anaona hata kimoja.

Nyumbani hakukuwa na kitu ila mayai na maharage. Bryony akapika. Akaweka chai kulia kwa baba yake kama kawaida, akaketi. Alwyn alikula taratibu, anakwangua, anamaliza upande wake mpaka ukang'aa. Akaweka uma chini.

Bryony alisubiri ageukie chai. Hakugeuka. Bryony akanyoosha kidole, akagusa ukingo wa sahani.

"Acha," Alwyn alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekataa sukari. Kisha akabaki anautazama ule upande mweupe, mtupu, na maharage yakaanza kupoa na kuganda pale yalipo. Bryony hakuuondoa mkono. Aliuacha palepale kwenye ukingo, upande wa kushoto, na hakujua kama baba yake anajua kuwa upo.